Si Kila Maneno Marefu ni Hotuba

Walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu zangu wote, asanteni kwa kuja. Nilipofika nimekuta bango mlangoni limeandikwa "Hotuba kuhusu lugha yetu". Nimemwomba kijana aliyelibandika aandike "mhadhara", naye hakusita. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonileta.

Siku hizi mtu akishika kipaza sauti akapitisha dakika tano, basi katoa hotuba. Waziri katoa hotuba, mchungaji katoa hotuba, katibu wa wafanyakazi katoa hotuba, profesa naye vivyo hivyo. Na maneno tunayo tele! Tumeyaweka wapi?

Kisa hiki baadhi yenu mmeshanisikia nikikisimulia, nivumilieni. Nilikuwa nafundisha shule moja ya sekondari, siku ya mahafali imekaribia. Binti wa kidato cha nne akapewa kazi ya kusema kwa niaba ya wahitimu. Kwenye ratiba mmoja wetu akaandika: "Hotuba ya wahitimu". Binti yule alikuwa hodari. Akakaa na redio wiki nzima akisikiliza wakubwa wanavyohutubia. Siku ikafika, akasimama mbele ya mgeni rasmi, kifua mbele, akasema: "Naagiza paa la bweni la wasichana liezekwe kabla ya mwezi huu kwisha."

Ukumbi ukawa kimya. Mgeni akakunja uso. Mwalimu mmoja akamnyang'anya karatasi na kumkemea hadharani. Nilimkuta baadaye nyuma ya jiko analia. Akaniuliza, "Mwalimu, si mlisema nitoe hotuba?"

Sikuwa na jibu, maana binti alifanya hasa alichoambiwa. Kama ratiba ingesema "risala", angejua njia. Risala kwa asili yake ya Kiarabu ni ujumbe, kitu kinachotumwa. Kwa desturi ya shughuli zetu Tanzania, wenyeji humsomea mgeni rasmi risala: wanamkaribisha, wanaeleza mafanikio, kisha wanafika kwenye matatizo, "paa la bweni linavuja, tunaomba msaada wako". Wakimaliza wanamkabidhi karatasi. Yeye ndiye anayesimama kutoa hotuba, na ndani ya hotuba hujibu risala. Risala inapanda, hotuba inashuka. Paa lilikuwa linavuja kweli, lakini siku ile hakuna aliyelizungumzia tena. Watu walizungumzia adabu ya binti.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, lugha hubadilika, watu wakielewana inatosha." Ndiyo, hubadilika. Hotuba yenyewe ni mtoto wa neno lile lile la Kiarabu lililotupa khutba. Waswahili wakayatenganisha: khutba ikabaki msikitini, hotuba ikaenda jukwaani. Hayo ni mabadiliko yaliyotuongezea neno. Ninayoyapinga ni yale yanayotupunguzia. Na kuhusu kuelewana, muulizeni yule binti.

Sasa mhadhara. Sikilizeni ndugu zake: hudhuria, mahudhurio, hadhira, hadhara. Wote wanatokana na kuwapo. Khutba ya Ijumaa huisikiliza kimya. Imamu akikaa kidogo kati ya sehemu zake mbili, humnyooshei mkono kumuuliza swali. Mhadhara ni kinyume chake. Mhadhiri analeta hoja, na waliohudhuria wana haki ya kuzipima na kuzikataa. Ukiuita hotuba, umewanyima watu haki hiyo kabla hawajakaa kwenye viti.

Na tafadhali, dh iwe dh. Nimemsikia mtangazaji akiwaonya vijana dhidi ya "mihadhara". Alikusudia mihadarati, dawa za kulevya. Hayo hayana undugu kabisa: mihadarati inatokana na mzizi wa kufa ganzi. Neno moja linakutaka uwepo, jingine linakuondolea fahamu, na tunayachanganya kwa uvivu wa ulimi!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nitakimbia. Mahubiri ni jamaa wa habari: mhubiri ana habari ya kutangaza. Mawaidha hulenga moyo na mwenendo, kwa hiyo mkutano wa bajeti hauna mawaidha hata msemaji awe mpole namna gani. Mazungumzo yanataka watu wawili au zaidi. Mmoja akisema saa nzima peke yake, hayo si mazungumzo. Na kuhutubia kunataka watu: amewahutubia wananchi. "Amehutubia hotuba" naiona hata magazetini, na kila nikiiona inanichoma.

Nasaha nilitaka kuigusa, pamoja na mada na mtoa mada, lakini hizo siku nyingine. Dada pale nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja khutba. Simama, tukusikie.