Angetii Tu, Asingeuawa?

Ndugu zangu watazamaji, wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za huko. Tangu nilipozungumzia kesi ya Patrick Lyoya, kijana aliyeuawa na polisi huku Marekani, maoni mnayoniletea, yawe yametoka Bukavu, Kigoma au Mombasa, yanarudia neno lile lile: kijana huyo angetii tu, asingeuawa. Wapo walioandika hivyo kwa uchungu, wapo walioandika kwa dharau, na baadhi yenu mmeandika kama wosia kwa watoto wenu wanaojiandaa kuja huku. Sitaki kulipuuza neno hilo, kwa sababu lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo una mpaka, na mpaka huo uko karibu zaidi kuliko mnavyodhani.

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids katika jimbo la Michigan, askari aitwaye Christopher Schurr alilisimamisha gari la Lyoya, kijana wa miaka 26 ambaye familia yake ilihamia Marekani mwaka 2014 kutoka Kongo kama wakimbizi. Sababu iliyotolewa ni kwamba namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Lyoya alishuka. Askari alimwamuru arudi ndani, akamuuliza kama anajua Kiingereza, akamdai leseni. Muda mfupi baadaye kijana alijaribu kuondoka, akashikwa, akachomoka na kukimbia kidogo, akaangushwa, na wawili hao wakabiringishana kwenye nyasi za watu wakigombania Taser, yaani ile bunduki ya umeme ambayo polisi wa huku huibeba kiunoni. Mwishowe, Lyoya akiwa amelala kifudifudi na askari akiwa mgongoni mwake, alipigwa risasi moja kisogoni. Hakuwa na bunduki wala kisu.

Hakutii, hilo ni kweli. Tena ni haki mjue na mengine yaliyosemwa: leseni yake ilikuwa imefutwa, na uchunguzi wa maiti ulikuta pombe damuni kwa zaidi ya mara tatu ya kiwango anachoruhusiwa dereva. Lakini liangalieni lile tendo la kwanza, la kushuka. Kwetu, dereva akisimamishwa na trafiki mara nyingi hushuka akiwa na karatasi zake mkononi, akamfuata afande, akamsalimu na kujieleza, kwa kuwa kukaa tu ndani ya gari na kumsubiri mtu wa serikali aje dirishani kunaweza kuonekana kiburi. Huku ni kinyume kabisa. Anayefungua mlango bila kuamriwa huhesabiwa kuwa amekwisha kuanza vurugu, na askari huanza kumtazama mikono. Kwa hiyo heshima ya nchi moja ni tishio katika nchi nyingine, na anayepaswa kuijua tofauti hiyo, tena kwa sekunde chache na katika lugha ya kujifunzia ukubwani, ni mgeni. Mzee Peter Lyoya, baba wa marehemu, alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili akiwa na mkalimani pembeni, akaeleza kwamba alikimbia vita akiamini amefika mahali penye usalama.

Sasa mniruhusu niwaletee mtu aliyetii. Philando Castile hakuwa mgeni. Alizaliwa Marekani, alikuwa na miaka 32, na alisimamia jiko la shule ya watoto mjini St. Paul, Minnesota. Alikwisha kusimamishwa barabarani na polisi zaidi ya mara 40 katika maisha yake, nyingi kwa makosa madogo madogo, kwa hiyo kama kuna mtu aliyeyajua masharti ya kusimamishwa, alikuwa yeye. Tarehe 6 Julai 2016, katika kitongoji cha Falcon Heights, askari Jeronimo Yanez alimsimamisha na kumwambia kwamba taa ya breki haiwaki. Kumbe kwenye redio ya polisi alikuwa amekwisha kusema kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa wizi, kwa sababu ya pua yake pana. Castile alikuwa garini pamoja na mpenzi wake, na mtoto wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma.

Alitoa kadi ya bima kama alivyoombwa. Kisha, kwa utulivu na kwa kumwita askari bwana, akamfahamisha kwamba ana bastola. Alikuwa na kibali cha kuibeba, na sheria ya Minnesota haikumlazimu kusema lolote kuhusu bastola hiyo mpaka aulizwe. Alisema kwa hiari, ili askari asije akashtuka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Askari alikuwa amemtaka atoe leseni, ambayo humpasa mtu aingize mkono mfukoni, na sasa akamwamuru asiifikie bastola. Mkono mmoja ulikuwa na amri mbili. Castile akasema kwamba haitoi, mpenzi wake naye akasema kwamba haitoi, na katika sekunde hizo hizo askari akafyatua risasi saba. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba hakuwa akiifikia. Mwezi Juni 2017 jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo lilimwachia huru Yanez.

Ukidhani ni bastola ile iliyoleta balaa, mtazame Levar Jones, ambaye hakuwa na silaha yoyote. Mwezi Septemba 2014, huko Columbia, South Carolina, askari wa barabarani alimfuata kwenye kituo cha mafuta kwa kosa la mkanda. Jones alikuwa amekwisha kushuka. Askari akamwomba leseni. Jones akageuka na kuinama ndani ya gari kuichukua, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa. Askari akamfokea atoke garini na papo hapo akaanza kumpiga risasi. Moja ilimpata kwenye nyonga. Yote yamo kwenye kamera ya gari la polisi: mtu amelala chini anauliza kwa nini amepigwa, akimwita aliyempiga bwana, na kueleza kwamba alikuwa anachukua leseni aliyoombwa. Jones alipona, na askari yule alikiri kosa mahakamani akafungwa. Katika kesi hii wepesi wa kutii ndio uliomtisha askari. Jones angesuasua kidogo, pengine asingeguswa.

Ndugu zangu, kiini cha jambo ni hiki: wewe unaweza kutii kwa moyo wote, lakini anayeamua kwamba umetii ni aliyeshika bastola, na sheria ya Marekani imempa nafasi kubwa ya kuamua hivyo. Mwaka 1985, katika kesi ya Tennessee dhidi ya Garner, Mahakama Kuu ya nchi ilikataza kumpiga risasi mtu anayekimbia tu, isipokuwa kama kuna sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa wengine. Miaka minne baadaye, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale, na isipimwe kwa yale yaliyokuja kujulikana baadaye. Ndiyo maana wakili wa askari hahitaji kuthibitisha kwamba mtu alikuwa na silaha au nia mbaya. Anachohitaji ni kulishawishi jopo kwamba woga wa mteja wake ulikuwa na sababu. Schurr alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili, yaani yasiyopangwa mapema, akajitetea kwamba aliihofia Taser iliyokuwa mikononi mwa Lyoya, ingawa ilikuwa imekwisha kufyatuliwa mara mbili. Mwezi Mei 2025 jopo lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatairudia kesi.

Nisije nikawatisha kupita kiasi. Polisi wa Marekani huwaua kwa risasi takriban watu 1,000 kwa mwaka, na wengi wa hao walikuwa na silaha, ilhali watu wanaokutana na polisi kila mwaka ni takriban milioni 50. Kwa hiyo kutii kunasaidia, tena sana. Mimi mwenyewe leseni na bima haviko mfukoni wala kwenye droo ya gari. Nimevibana kwenye kizuia jua kilicho juu ya kioo, mahali ambapo mkono wangu unaonekana wakati wote. Ninachokataa ni kuugeuza ushauri huu kuwa hukumu juu ya marehemu. Askari amesomeshwa, analipwa, ana silaha na ana wenzake kwenye redio. Halafu tunamdai utulivu dereva aliyeingiwa na hofu, na huyo mwenye mafunzo tunamsamehe woga. Jimbo la California lililigusa jambo hili mahali panapostahili mwaka 2019, lilipobadilisha sheria yake ili askari atumie nguvu ya kuua pale tu inapokuwa ya lazima kulinda uhai.

Mama wa Kigoma aliyeniuliza amwambie nini mwanawe anayesafiri mwezi ujao, jibu langu ni hili. Akisimamishwa abaki ndani ya gari, ashushe kioo, awashe taa ya ndani kama ni usiku, na aweke mikono yote miwili juu ya usukani. Akiombwa leseni asiichukue kwanza. Aseme iko wapi, aombe ruhusa, asubiri ajibiwe, ndipo asogeze mkono polepole. Akipewa amri mbili zinazopingana, asitimize hata moja: aiache mikono pale pale kwenye usukani na aulize kwa sauti ni ipi afuate. Sentensi hizo azikariri kwa Kiingereza kabla hajapanda ndege.