Bao la Nane

BAKARI: Assalaam alaykum, karibuni tena kipindini. Tuko Makorora, Tanga, barazani kwa shangazi, kwa hiyo bodaboda ikipita katikati ya maneno mvumilie. Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Nimekuona na jezi ya Coastal Union, nikajua leo kuna ugomvi.

BAKARI: Ugomvi nimeutoa kijiweni. Jana jioni kwa muuza kahawa wamenibana: "Shangazi yako anafundisha mabinti mpira, mbona mpira wao hauna ushindani? Leo mtu kafungwa moja, kesho kafungwa tisa. Na wakishafungwa wanakumbatiana na waliowafunga." Nikakosa la kusema.

SHANGAZI: Ulikosa la kusema, au ulikubaliana nao?

BAKARI: (anacheka) Nilikunywa kahawa yangu.

SHANGAZI: Haya. Ligi ya wanawake, ubingwa unazunguka kwa nani?

BAKARI: Simba Queens na JKT Queens. Ndilo hilo wanalosema, timu mbili tu.

SHANGAZI: Na ya wanaume?

BAKARI: Simba na Yanga. Lakini Azam naye alichukua, msimu wa 2013/14.

SHANGAZI: Mara moja. Na hao uliovaa jezi yao?

BAKARI: 1988. Shangazi, hapo usiniguse.

SHANGAZI: Nilikuwa mtoto, naukumbuka mji ulivyokesha. Kombe lilikuja Tanga mwaka ule, halijarudi. Sasa nikuulize, pale kijiweni kuna aliyesema wanaume hawana ushindani? Wanasema Simba na Yanga wana pesa, basi, yameisha. Kwa wanaume tatizo ni pesa. Kwetu sisi tatizo ni kuwa wanawake.

BAKARI: Sawa, hilo nalipeleka leo jioni. Lakini yale mabao mengi nayo yapo, shangazi. Kombe la Dunia la wanawake 2019, Ufaransa, Marekani wakawapiga Thailand 13. Kumi na tatu! Alex Morgan peke yake matano. Hiyo ni mechi?

SHANGAZI: Mpaka mapumziko ilikuwa tatu bila. Kumi yaliingia kipindi cha pili, miguu ya Thailand ilipokwisha. Unajua watu walilalamikia nini kesho yake?

BAKARI: Kwamba Marekani walishangilia kupita kiasi.

SHANGAZI: Ehe! Bao la tisa wanashangilia, la kumi na mbili wanashangilia, dunia nzima ikawasema hawana adabu. Wakati kwenye makundi mabao ya kufunga na kufungwa yanahesabiwa, na Morgan ana tuzo ya ufungaji anaiwinda. Wanaume wa Ujerumani walipowafunga Saudi Arabia nane bila Kombe la Dunia 2002, walisutwa? Australia 2001 walipowapiga American Samoa 31, mchezaji mmoja akafunga 13, watu walihoji mashindano yalivyopangwa. Hakuna aliyewaambia wale vijana wa Australia kwamba wamelelewa vibaya.

BAKARI: Kwa hiyo unasema...

SHANGAZI: Sijamaliza. Hao hao Thailand mechi ya pili wakafungwa na Sweden tano kwa moja. Lile moja lao lilipoingia mwishoni kabisa, benchi zima likaruka, meneja wa timu akalia machozi. Sasa mtu aje aniambie wale hawakuwa wakishindana. Wameshapigwa 17 kwa mechi mbili, la tano la Sweden bado halijaingia, nao wanalitafuta bao.

BAKARI: Hapo kweli. Lakini kukumbatiana je? Mie nimeona kwa macho yangu, mabinti zako wamefungwa, wanapiga picha na waliowafunga.

SHANGAZI: Na wewe umeona wachezaji wa kiume wakibadilishana jezi.

BAKARI: Ile ni heshima.

SHANGAZI: (anacheka sana) Unajisikia lakini?

BAKARI: Nimejisikia, nimejisikia.

SHANGAZI: Ngoja nikupe kisa ambacho sijakisema hewani, na kinanihusu mwenyewe. Mwaka jana tulicheza kirafiki na watoto wa upande wa Pongwe. Timu changa, wengine peku, kipa wao kavaa glovu za kufanyia usafi. Mpaka mapumziko tumeshawafunga tano. Tukala machungwa ya Muheza, tukarudi, yakaingia mawili upesi upesi. Saba. Nikaona mama mmoja pembeni kajifunika uso na kanga. Roho ikaniuma. Nikawaita wangu, nikawaambia, "Jamani inatosha. Pigeni pasi, msifunge tena. Hawa ni wenzenu."

BAKARI: Uungwana huo.

SHANGAZI: Ndivyo nilivyojisifu. Basi wangu wakaanza. Pasi huku, pasi kule, wakifika golini wanarudi nyuma. Winga wangu kapiga tobo, kabaki na kipa, kageuka karudisha kwa beki. Watazamaji wakaanza kucheka. Dakika ishirini hivyo. Kipenga kikalia, yule kipa akanijia mbio. Nikafikiri anakuja kunisalimia. Mtoto wa miaka kama kumi na minne, analia, ananiambia, "Kocha, kwa nini mliacha kucheza na sisi?"

BAKARI: Lo.

SHANGAZI: Saba hayakumliza. Kilichomliza ni lile bao la nane nililomnyima nafasi ya kulizuia. Akaniambia winga wangu alivyobaki naye yeye alikuwa tayari, keshatoka golini, keshapunguza pembe. Angeliokoa, hakika. Halafu mtu anamgeuzia mgongo kama hayupo.

BAKARI: Ulimjibu nini?

SHANGAZI: Nilimwomba radhi. Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza, miaka ile nikifundisha wavulana shuleni, niliwahi kuwaambia wasifunge? Tuliwahi kuongoza tisa, nikawa nasimama pembeni nataka la kumi! Kwa hiyo wa kijiweni wakisema wanawake hawashindani, nami nimo. Binti tunamtaka ashinde, lakini ashinde kwa upole asimuudhi mtu. Akiwa mpole tunasema hana roho ya ushindani. Akiwa mkali tunasema kakosa malezi. Afanyeje?

BAKARI: (kimya kidogo) Shangazi, kuna kimoja lazima nikiseme lakini. Kasi. Mpira wa wanawake ni wa polepole.

SHANGAZI: Ni kweli, mbona nibishe? Misuli si sawa. Lakini tazama na goli. Mita 7.32 kwa 2.44, kipimo cha Waingereza wa karne ya 19, waliowafikiria wanaume. Kipa wangu ananifika begani, anasimama humo humo. Ndiyo maana yale mashuti ya mbali yanaingia na nyie mnacheka kipa.

BAKARI: Na lile la kujiangusha? Hapo nakupa, mabinti hawalali uwanjani ovyo.

SHANGAZI: Wamarekani walilihesabu hilo, likachapishwa 2011. Walitazama mechi za kimataifa: wanawake, mtu anaonekana kaumia kama mara 5.74 kwa mechi moja. Wanaume 11.26.

BAKARI: Karibu mara mbili! Kumbe ndiyo maana sisi mechi zetu haziishi.

SHANGAZI: Usifurahi mapema wala usiwafanye malaika. Nina kiungo mmoja, sitamtaja, akiongoza moja bila dakika ya themanini anashika kisigino. Nikamuuliza umejifunzia wapi. Kwenye televisheni, kocha. Anatazama ligi ya wanaume kila Jumapili.

BAKARI: Basi tumewaharibu.

SHANGAZI: Mmewafundisha ushindani! Si ndicho mlichotaka?

BAKARI: (anacheka) Turudi kwenye ile tofauti ya timu, tisa na kumi na tatu. Kwa nini yanatokea?

SHANGAZI: Kwa sababu wamechelewa, na hawakuchelewa kwa kupenda. Uingereza, siku moja baada ya Krismasi 1920, wanawake walijaza uwanja wa Goodison Park, watu 53,000. Mwaka uliofuata chama cha mpira kikapiga marufuku viwanja vyake visitumiwe na wanawake, eti mchezo hauwafai. Nusu karne. Brazil nao wakapiga marufuku 1941 hadi 1979. Brazil, Bakari! Mfungie mtu baiskeli miaka yote hiyo, halafu siku ukimfungulia umpeleke mbio za Tanga hadi Muheza na wenzake waliokuwa wakiendesha, uje useme hana pumzi. Kombe la Dunia la wanaume lilianza 1930, la wanawake 1991. Hesabu mwenyewe.

BAKARI: Na pengo linapungua. Kombe la Dunia la wanawake 2023 Ujerumani walitolewa makundi. Morocco wakapita, Jamaica wakapita, Afrika Kusini wakapita.

SHANGAZI: Na hapa nyumbani je? Serengeti Girls, India, Oktoba 2022. Timu ya kwanza ya Tanzania kufika Kombe la Dunia la FIFA, nao ni watoto wa chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza Japan wakawapiga nne bila. Nakumbuka kijiweni kwenu mlivyosema.

BAKARI: Tulisema wanarudi na kapu la mabao.

SHANGAZI: Mechi ya pili wakawafunga Ufaransa mbili kwa moja. Ya tatu sare na Kanada. Robo fainali hiyo, wakatolewa na Kolombia. Binti aliyekula nne siku tatu nne tu zilizopita anaingia kucheza na Ufaransa kama hajawahi kufungwa. Mie huo ndio ushindani ninaoujua. Kapu mlilipeleka wapi?

BAKARI: Tulinyamaza, shangazi. Sasa na wale wa Pongwe, mmeonana tena?

SHANGAZI: Tunarudiana Jumamosi, saa kumi, uwanja ule ule wa mchanga. Nasikia yule kipa sasa anafanya mazoezi na kaka zake, wanampigia penalti kila jioni. Na glovu za kweli kapata.

BAKARI: Mkifika saba?

SHANGAZI: Tutafika wapi? Winga wangu ana mtihani, beki kaumia kweli kweli, si kwa kisigino. Nadhani safari hii tunafungwa sisi.

BAKARI: Basi nakuja. Nakuja na wote wa kijiweni.

SHANGAZI: Njoo nao. Na upite kwa fundi baiskeli uniazimie pampu, mpira wetu unavuja.