Forum: Neno Lililoanzia Nje ya Mlango

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie neno forum, ambalo siku hizi halikosekani kwenye mabango ya kumbi za mikutano: forum ya wawekezaji, forum ya vijana, forum ya wahariri. Sisi husema jukwaa, au kongamano, na mambo yanakwenda. Ila neno hili lina ukoo, na ukoo wake unatudai.

Waingereza wamelichukua kwenye Kilatini. Wanaochunguza asili ya maneno hulihusisha na foris, yaani nje, na fores, mlango. Katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizoandikwa Roma katikati ya karne ya 5 KK, forum ni pale mbele ya kaburi, pa kuingilia. Kwa hiyo kabla ya kuwa mkutano lilikuwa ni mahali. Aliyekulia Lamu au Unguja hana haja ya kufafanuliwa: baraza ni pale nje ya nyumba watu wanapokaa, na ni kikao chenyewe, hadi tukapata Baraza la Mawaziri.

Forum ya Roma ilikuwa bonde la majimaji chini ya vilima vya Palatino na Kapitolino. Warumi wakachimba mfereji mkubwa, Cloaca Maxima, maji yakaenda mto Tiber. Palipokauka wakafanya biashara, wakapiga kura, wakawasifu wafu wao. Kesi nazo zilisikilizwa hapo hapo hadharani, ndiyo maana uchunguzi wa kisayansi kwa ajili ya mahakama unaitwa forensiki: forensis ni kitu cha forum.

Sasa tuliangalie jukwaa lenyewe. Mwaka 338 KK Warumi waliushinda mji wa Antium, wakang'oa ncha za shaba kwenye omo za merikebu za adui, wakazipachika mbele ya jukwaa la wasemaji. Likaitwa Rostra, yaani midomo, kwa sababu ya ncha hizo. Upande mmoja wa Rostra palikuwa na uwanja mdogo wa Comitium na jumba la Seneti. Upande wa pili, Forum iliyojaa watu. Kwa miaka mingi msemaji alielekea upande wa Seneti. Wananchi wanasikiliza, lakini uso wake uko kwa wakubwa.

Kisha mtu mmoja akageuka. Cicero, msemaji na mwanasiasa wa Roma, anasema ni Gaius Licinius Crassus, mwaka 145 KK. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasema ni Gaius Gracchus, miaka ishirini na kitu baadaye. Aliyetangulia simgombanii. Plutarch aliona kwamba kule kugeuza mwili tu kuliiondoa serikali mikononi mwa wachache na kuielekeza kwa umma. Kwangu mimi, maana ya forum iko hapo: unaposema, umemwelekea nani?

Tusiipambe Roma kupita kiasi. Mtumwa hakuwa na kura, mwanamke hakuwa na kura. Na kwenye Rostra ndipo kichwa cha Cicero kilipotundikwa mwaka 43 KK, baada ya kumshambulia Marcus Antonius kwa hotuba.

Lakini mwaka uliofuata, watawala watatu, Antonius, Octavianus na Lepidus, walitaka fedha za vita, wakawaandama wanawake matajiri 1,400 watoe kodi. Wanawake wakaenda Forum. Hortensia, binti wa wakili mashuhuri Hortensius, akasimama akauliza: kwa nini tulipe kodi, nasi hatuna fungu katika vyeo, heshima wala utawala? Watawala wakaamuru waondolewe. Umati ukapiga kelele, askari wakasita. Kesho yake orodha ikapunguzwa hadi wanawake 400.

Ndiyo maana sikubali mkutano wa mwaliko tu, wenye mlinzi mlangoni na maazimio yaliyochapwa kabla ya wageni kufika, uitwe forum. Uitwe kikao cha ndani. Vikao vya ndani vina kazi yake. Anayetumia jina hili na aache nafasi kwa asiyealikwa, hata aje na swali la kodi.

Yangu yamekwisha. Naona dada kule nyuma ameinua mkono muda mrefu. Tafadhali mpelekeeni kipaza sauti.