Kumsaka Mbweha kwa Tepu ya Fundi

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji, karibuni. Leo tuna zoezi ambalo klabu ya redio ya ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara, hapa Dodoma inaweza kulimaliza Jumamosi moja: kumsaka mbweha. Kaka Daudi, mweleze anayelisikia jina hili kwa mara ya kwanza, asije akatokea na panga.

DAUDI: (anacheka) Panga abaki nalo nyumbani. Mbweha ni redio ndogo iliyofichwa, inayorusha ishara kila baada ya muda. Nusu wati inatosha. Anayeiweka lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama yake ya mwito, ile inayoanza na 5H, itajwe hewani. Msakaji yeye anasikiliza tu, ndiyo maana zoezi hili linamfaa mgeni kuliko lolote.

NEEMA: Na antena ya kumwonyesha ishara inatoka upande gani ananunua wapi?

DAUDI: Hanunui, anatengeneza. Tepu ya chuma ya kupimia, ile ya mafundi seremala, upana wa inchi moja. Ukijumlisha vipande vyote unapata kama mita 2.85, kwa hiyo hata tepu ya mita 3 inatosha, ila chukua ya mita 5, maana kuna mtu atakosea kukata. Sasa andikeni. Kiakisi, kile cha nyuma, sentimita 105.1. Kipande cha kati ni nusu mbili, kila moja 45.1, na kati yake uache mwanya wa 2.5. Kielekezi cha mbele 89.2. Vyote vinakaa juu ya bomba la plastiki kwa klipu za hosi. Kutoka kiakisi hadi cha kati 20.3, kutoka cha kati hadi kielekezi 31.75. Bomba la mita moja linakupa na mpini.

NEEMA: Kebo inaungwa kwenye zile nusu mbili?

DAUDI: Ndiyo. Moyo wa kebo upande mmoja, wavu wake upande wa pili. Halafu waya wa sentimita 12.7 unaukunja umbo la U, unaulehemu kwa risasi kuziunganisha nusu hizo. Wengi wakiuona wanasema, "Mbona huu ni shoti?" Si shoti. Ndio unaoilinganisha antena na omu 50 za kebo. Ukiuacha, antena itapokea, lakini vibaya.

NEEMA: Kulehemu tepu ndipo wengi wanapokwama, dada na kaka zangu. Risasi inaviringika kama tone la maji kwenye jani la mgomba.

DAUDI: Kwa sababu ya rangi. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pakaza risasi kwenye tepu kwanza, na kwenye waya pia, ndipo uviunganishe. Na ncha za tepu zinakata kama wembe. Zifunge kwa tepu ya umeme kabla ya kumpa mtoto.

NEEMA: Jambo lingine ni plagi. Redio nyingi za mkononi za bei nafuu, kama Baofeng UV-5R, zina pini upande wa redio. Kwa hiyo kebo iwe na tundu. Angalieni kabla ya kulipa.

DAUDI: Haya, sasa uwanjani. Kosa la kwanza la mgeni: anategemea sauti. Kwenye FM, ishara ikiongezeka sauti haipandi, kinachopungua ni mchakacho. Ukiwa mita 800 au mita 80, mbweha anasikika vilevile. Bonyeza Moni, kitufe kinachoiacha redio wazi muda wote, ili usikie mchakacho, au tazama kipimo cha ishara. Na mbweha akiwa na antena wima, shika yako tepu zikiwa wima. Ukizilaza unapoteza ishara, na mwelekeo unakudanganya.

NEEMA: Mimi ningeongeza: msitafute tu pale ishara ilipo kali. Upande wa mbele antena hii inapokea kwa upana mno. Igeuzeni, mtafute pale ishara inapokufa. Mbweha yuko nyuma ya kiakisi.

DAUDI: Hapo umegusa penyewe. Pima mahali pawili, na mistari yenu kwenye ramani ikatane kama msalaba, isiende sambamba. Kosa la digrii 5 tu, kwa umbali wa kilomita moja, linakutupa karibu mita 87 pembeni. Kwenye vichaka vya miiba hizo ni nyingi.

NEEMA: Na miamba yetu je? Ukisimama chini ya Mlimwa?

DAUDI: Miamba, mabati, uzio wa waya, vyote vinarudisha ishara. Sogea hatua 40, upime tena. Mwelekeo wa kweli unabaki palepale. Wa uongo unaruka.

NEEMA: Halafu unafika karibu, kipimo kinajaa pande zote.

DAUDI: Hapo ndipo watu huzunguka mbuyu mmoja nusu saa! Hama masafa kidogo. Mbweha akiwa megahezi 145.300, sikiliza 145.305, kisha 145.310. Bado imejaa? Ondoa antena, tumbukiza redio kwenye kopo la maziwa ya unga, mdomo uelekeze mbele. Au sikiliza 435.900, mara tatu ya masafa yake. Ishara ya huko ni dhaifu sana, inasikika ukiwa jirani tu.

NEEMA: Klabu ikizoea, weka mbweha watano kwenye masafa mamoja, kila mmoja dakika yake. Wanajitambulisha kwa Morse, ile lugha ya nukta na vistari: MOE, MOI, MOS, MOH, MO5. Mgeni anahesabu nukta za mwisho tu, moja hadi tano.

DAUDI: Na bila kujua ameshajifunza herufi nne na tarakimu moja. Ni njia bora kuliko kukariri ubaoni, mimi naona.

NEEMA: Kabla hatujafunga: huu ni mji mkuu. Mtu anayezunguka na mabawa ya chuma ataulizwa.

DAUDI: Ataulizwa, na ni haki. Msifanyie Mtumba, kwenye mji wa serikali, wala karibu na uwanja wa ndege. Toeni taarifa serikali ya mtaa mapema, mbweha abandikwe karatasi inayosema ni kitu gani, na mwenye leseni awe jirani na nakala yake mfukoni.