Isoniazidi na katalasi ya bakteria wa kifua kikuu

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea. Waliochoka wana ruhusa ya kusinzia. Leo tena ni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu.

Bakteria wa kifua kikuu akimezwa na chembe za kinga hukutana na haidrojeni peroksidi. Kinga yake ni katalasi iitwayo KatG, kimeng'enya kinachoivunja sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Sasa isoniazidi, ikimwingia, haina makali yoyote. Nasema haina! Ni KatG hiyohiyo inayoiamsha. Ikishaamka inajibandika kwenye NAD, molekuli ndogo iliyomo ndani ya bakteria, na kukizima kimeng'enya kingine, InhA, kinachohitajika kutengeneza nta ya ukuta wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1954 dawa hii ilikuwa na miaka miwili tu ya kutumika. Mtafiti Middlebrook, kule Marekani, akaonyesha kwamba bakteria walio sugu kwa isoniazidi mara nyingi wamepoteza katalasi. Dondoshea peroksidi bakteria waliooteshwa: wanaouawa na dawa wanatoa povu, sugu hao kimya. Hakuna mashine, hakuna umeme wa kukatika. Lakini jeni lenyewe la kutengeneza KatG, liitwalo katG, lilikuja kutajwa mwaka 1992 na Zhang, Cole na wenzao. Miaka 38 povu linaonekana na mhusika hajulikani!

"Lakini mwalimu, asiye na katalasi si ataangamizwa na peroksidi?" Ningekuwa bakteria ningeuliza hivyohivyo. Hudhoofika kweli. Ndiyo maana badiliko linaloonekana zaidi kwa wagonjwa ni dogo mno: nafasi ya 315 katika mnyororo wa asidi amino wa KatG, serini inatoka, threonini inaingia. Peroksidi inaendelea kuvunjwa, isoniazidi haiamshwi. Huyo povu analitoa vizuri tu, na jaribio la Middlebrook linampita.

Na msinilaumie mgonjwa peke yake. Mapafuni mna mamilioni ya bakteria, na wachache wameshabadilika kabla ya kidonge cha kwanza. Dozi ikirukwa, hao ndio wanaopata nafasi.

Kinachonikera ni hiki. GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, kwa katriji ile ya kawaida inatafuta usugu wa rifampisini tu, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Jibu likirudi "hakuna usugu", faili linafungwa. Jamani, katG imeangaliwa na nani? Mgonjwa atamaliza miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi, na ikiwa isoniazidi haifanyi kazi, ana rifampisini peke yake. Hapo mnaitengenezea rifampisini usugu kwa mikono yenu. Katriji inayopima isoniazidi ipo. Iulizieni, isumbueni ofisi, hata wawachukie.

Ukoma kwa haraka: bakteria wake ana katG iliyokufa, kwa hiyo isoniazidi si dawa yake. Pirazinamidi, mojawapo ya zile dawa nne za kifua kikuu, nayo huamshwa na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, nilikuwa na slaidi nzuri kabisa, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.