Maji ya Kisima Ndani ya Tangi la Samaki

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Nashukuru mmeitika wito, na nashukuru zaidi kuona wengi mmekuja na maji ya visima vyenu kama nilivyoomba. Chupa zikae hapo mezani, vifuniko vifunguliwe. Sababu yake mtaiona sasa hivi.

Samaki wangu wa kwanza wa mapambo walikuwa gapi 12, madume wenye mikia ya rangi kama kanga mpya. Nilivuta maji kisimani kwa pampu, nikajaza tangi, nikawatia papo hapo. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Haikupita saa moja wote wakawa wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio. Alfajiri nilikuta watatu tu wazima. Nikamlaumu aliyeniuzia, nikamwambia kaniuzia wagonjwa. Nilimwonea, na nilipokuja kujua kosa langu nilimwendea kumtaka radhi.

Maji yale hayakuwa na sumu. Yalikosa pumzi. Maji ya chini ya ardhi hukaa gizani miaka na miaka bila kuguswa na upepo, kwa hiyo oksijeni yake ni kidogo. Tena yakichuja udongoni hubeba hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani. Samaki akitiwa humo, mashavu yake hayapati cha kuvuta, na ukaa ulio damuni haupati pa kutokea. Tiba yake haigharimu kitu: teka maji jioni, yaache kwenye ndoo pana hadi kesho yake, na kama una pampu ya hewa tia humo jiwe lake la kutoa mapovu. Huna pampu? Chukua ndoo mbili, mimina kutoka juu, hii kwenda ile, kama mtu anayepoza chai. Mara 20 au 30. Mimi hufanya hivyo umeme ukikatika.

Kuna jambo jingine hapo. Ukaa huyapa maji uchachu. Wiki iliyopita nilipima kisima changu: maji yalipotoka tu kwenye bomba pH, yaani kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi, ilikuwa 7.1. Ndoo ileile, kesho yake saa ileile, ilisoma 8.0. Maji hayakuongezwa kitu, ni ukaa tu umetoka. Basi anayepima pale pampuni anapima maji ambayo samaki wake hatayaishi. Ndiyo maana nimesema fungueni vifuniko. Na mkiona maji yametoka maangavu kisha yakageuka rangi ya chai ndani ya ndoo, hicho ni chuma kinachoshika kutu kwa kukutana na hewa. Yaacheni yatuame, mteke ya juu, ya chini mwagieni migomba.

Sasa ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa ndani yake. Sisi wa Unguja, hasa wa upande wa maweni, tunachimba ndani ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Huhitaji maabara kulijua hilo. Sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe ndani, na kioo cha tangi kinafanya mstari wa chumvichumvi pale maji yanapoishia. Watu huniuliza: nitie nini ili pH ishuke? Nimekuta wanaotia ndimu, nimekuta wanaotia siki. Nawasihi msifanye hivyo. Chokaa iliyomo huila ile asidi, pH inashuka mchana na usiku inarudi palepale, na samaki anarushwa juu na chini mpaka anachoka. Maji magumu yaliyotulia ni bora mara mia kuliko maji laini ya kulazimisha.

Badala ya kupigana na kisima, chagueni samaki wa kisima hicho. Neoni wa Amazon amezoea mito laini yenye uchachu, mwacheni. Lakini mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa manjano na buluu wanaoishi mawenimaweni, wamezaliwa kwenye maji yenye pH ya karibu 8. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea hata zaidi ya hapo, karibu 9. Watu wa Ulaya hununua chumvi maalumu za kuyafanya maji yao yawe magumu ili wawafuge samaki wetu hawa, na sisi tunayateka uani. Moli naye hana neno, hata kisima kikiwa na chumvi kidogo.

Yuko mmoja ningependa tumthamini zaidi: Nothobranchius guentheri, samaki wa hapahapa Unguja, aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 1893. Huishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki kwenye tope yakingoja mvua. Huyo mimi humchanganyia kisima na maji ya mvua nusu kwa nusu. Mvua ya kwanza isikingwe, iachwe isafishe vumbi na kutu ya mabati.

Ila mjue, kisima hakikai hali moja mwaka mzima. Kiangazi, pampu zikivuta kupita kiasi, bahari huingia chini kwa chini na chumvi hupanda. Masika, maji ya ardhini hupanda yakafika kwenye mashimo ya vyoo. Hapo ndipo amonia na naitreti, vitu vinavyotokana na uchafu wa vyooni, huingia. Amonia kwenye maji yetu ni mbaya maradufu: pH ikitoka 7 kwenda 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Na kama kisima chenyewe kina naitreti, utabadilisha maji kila wiki na haitapungua, kwa sababu unayotia ndiyo unayotoa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa. Kipimo chako kikizidi hapo, suala la samaki liweke kando kwanza: mtoto mchanga asikorogewe maziwa ya kopo kwa maji hayo, na kuyachemsha hakuondoi naitreti.

Klorini kwa kawaida kisimani haipo. Lakini kipindupindu kikija watu hutia dawa visimani, na ni haki yao. Ulizeni majirani kabla ya kuteka, kisha yapigeni hewa siku mbili na myapime.

Haya, tuanze na chupa hizi za mstari wa mbele. Kila mmoja aandike juu ya chupa yake kina cha kisima, siku aliyoteka, na hatua ngapi kutoka kisimani hadi chooni. Bibi, wewe wa mwanzo, lete yako.