Nani Anambipa Bwana Wangu?

ILUNGA: Karibuni tena, tuko Lubumbashi kama kawaida. Leo tunaongea namna ya kulitoa wazo kwenye daftari likawe kazi, kwa mtu mwenye kabine ya meno. Yaya Nadine ameandaa mambo manne. Lakini yaya, anza na ile ya Jumanne, maana tangu umefika unacheka peke yako.

NADINE: We Ilunga! Basi, wasikilizaji wanajua ugonjwa wa kabine yangu: watu wanachukua randevu, siku inafika, kiti kitupu. Kila mkutano tunasema tuwakumbushe siku moja mbele. Wote wanaitika "tutafanya". Wiki hii sekretere akaamua kuanza mwenyewe. Yunite za simu kidogo, akawabipa.

ILUNGA: Kabine nzima inabipa watu!

NADINE: Anapiga, anakata. Mgonjwa akirudisha simu, anakumbushwa. Saa mbili usiku akambipa baba mmoja wa Katuba. Simu ikashikwa na bibi yake, naye akarudisha: "Ni nani wewe unayembipa bwana wangu?" Sekretere akasema, "Mama, ni habari ya jino." "Jino gani usiku huu?"

ILUNGA: (anacheka) Jino gani usiku huu!

NADINE: Ngoja. Kesho yake baba anaingia, mama yuko nyuma. Akakaa pale, anamkagua kila mwanamke mwenye koti jeupe.

ILUNGA: Na wewe?

NADINE: Mimi wa kwanza! Nikamwita ndani aone mwenyewe tundu kwenye gego la bwana yake. Akatulia. Kisha akafungua kinywa: "Na hili langu, dokta?"

ILUNGA: Bipi moja, wagonjwa wawili. Jambo la kwanza limeisha.

NADINE: Halijaanza! La kwanza ni hili. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, kulianza njia ya kuziba jino bila mashine. Unakwangua palipooza kwa vifaa vya mkono, unaziba kwa saruji ya glasi-ionoma. Saruji ile inashika jino yenyewe na kuachia floridi. Haitaki kompresa wala umeme, na mara nyingi hata sindano. Inaitwa ART. Mwaka 2021 OMS, shirika la afya la dunia, ikaiweka saruji hiyo kwenye orodha ya dawa za lazima. Hawakungoja umeme ufike ndipo waanze.

ILUNGA: Wangengojea huku kwetu, wangekuwa bado wamekaa. Lakini yaya, wale walikuwa na vifaa mkononi. Wewe una bipi. Weka makuta ya yunite kila mwezi, mtu mmoja ashike kazi hiyo. Na anayechukua randevu aache avansi.

NADINE: Avansi hapana.

ILUNGA: Kidogo tu! Akifika unaikata kwenye bei.

NADINE: Unajua anayekosa randevu ni nani? Mara nyingi ni yule ambaye maumivu yametulia. Mshipa wa ndani ya jino ukifa, jino linanyamaza, mtu anamshukuru Mungu. Kumbe usaha unajikusanya kwenye mzizi. Huyo ukimdai makuta mbele, harudi mpaka shavu livimbe.

ILUNGA: Na mafuta ya jenereta? Mshahara wa sekretere? Kiti kitupu kinalipwa na nani?

NADINE: Kinalipwa na mimi.

ILUNGA: Mpaka lini? Ukifunga mlango, shavu lililovimba litakwenda wapi?

NADINE: Nikidai avansi, mlango utakuwa wazi na hakuna wa kuingia. Watakwenda kwa wanaong'oa tu.

ILUNGA: Wengine watakwenda. Wengine watafika kwa wakati.

NADINE: Na wale wengine ndio wanaonihitaji zaidi, Ilunga.

ILUNGA: Mimi ninashika hesabu za watu, yaya. Sijaona huruma ikinunua glavu.

NADINE: Na mimi sijaona avansi ikituliza jipu.

(kimya)

ILUNGA: Sawa. Jino gani usiku huu?

NADINE: Usinichekeshe, nimekasirika.

ILUNGA: Betri ya kinasa inawaka nyekundu. Yale mambo matatu?

NADINE: Yakae. Wenye kabine, Kamalondo, Kampemba, hata Likasi, tutumieni sauti: mnadai avansi ao hapana?

ILUNGA: Na mseme ni feranga ngapi.

NADINE: Usiwaelekeze! Ao hap—

(kurekodi kunakatika)